Konyagi, Brandi na Malai

Katika maelekezo ya vinywaji vya Krismasi na Mwaka Mpya, mfasiri hukutana na kitindamlo cha kunywa kiitwacho Brandy Alexander: brandi, kileo kitamu cha kakao na malai, vikatikiswa kwa barafu na kunyunyiziwa kungumanga. Mazoea ya zamani humwelekeza aandike "konyagi", neno litokanalo na Cognac ya Ufaransa. Kwa maoni yetu neno hilo halifai tena kwa maana hiyo. Msomaji wa Dodoma akienda nalo dukani atapewa chupa ya Konyagi, kileo cheupe kilicho karibu na jini, wala si cha zabibu. Ajabu ni kwamba haya yatukia katika mkoa ulimao zabibu, ilhali brandi ni divai iliyokenekwa. Basi tuandike "brandi".

"Malai" lina haki kuliko "krimu". "Siagi" ni kosa tupu. Lakini jina "kinywaji cha malai" lisisimame peke yake katika orodha ya karamu, kwani asiyetumia ulevi atadhani ni maziwa. Liandikwe "kileo cha malai", hata wenye hoteli wakinung'unika.