Mwangwi, Si Weupe: Neno juu ya Istilahi za Altrasaundi

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, toka Mwanza hata Ukerewe, kichocho cha tumbo ni maradhi ya siku nyingi, na altrasaundi hutumika kuchungulia madhara yake ndani ya ini. Makovu yakiizunguka mishipa iletayo damu kutoka matumboni, kuta zake hung'aa katika picha.

Hapo lugha hutukwaza. Kusema kwamba ini “lina weupe” ni rahisi, lakini kauli hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, yataja rangi ya picha, hali kinachopimwa ni sauti irudiyo. Mgonjwa asikiaye “weupe” aweza kudhani ini lake limegeuka rangi. Pili, mpimaji akizungusha kitufe cha kukuza sauti hiyo, picha yote hung'aa, na ini ni lile lile. Ndiyo sababu ini hulinganishwa na figo la kulia, lililo jirani yake.

Basi yafaa mzizi wa istilahi uwe mwangwi: mwangwi zaidi, mwangwi sawa, mwangwi pungufu, na pasipo mwangwi, kama mkojo kibofuni. Yapo maneno “mkali” na “hafifu”, lakini hayo hayaonyeshi ulinganisho.

Huenda mtu akapinga kwamba mwangwi ni wa sikio, si wa jicho. Lakini katika ziwa lilo hilo watafiti hukadiria wingi wa samaki kwa mwangwi, nao husomwa kwa macho. Istilahi njema hutaja chanzo, si kivuli chake.