Mukau wa Nani?

Niliacha digrii ya mazingira mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nikarudi Siakago kwa cucu. Ni hapa, si darasani, nilipokutana na kitabu kuhusu vichaka tunavyochungia mbuzi. Rafiki alinitumia kurasa zake kwa simu: The Mbeere in Kenya, juzuu mbili za mwaka 1988, za David Brokensha na Bernard Riley. La kwanza linaeleza jinsi ikolojia ya mashambani ilivyobadilika. La pili ni la mimea, majina yake na matumizi yake.

Ili kuona uzito wa kazi hii, turudi nyuma kidogo. Ikolojia ya binadamu ilipoanza kushika mizizi vyuoni, lilikuwa somo la mjini. Kule Chicago, mwaka 1921, Robert Park na Ernest Burgess waliliingiza jina hilo katika kitabu chao cha sosholojia. Wao na wenzao walikopa maneno ya wataalamu wa mimea, kama uvamizi na kupokezana nafasi, wakaeleza jinsi watu wanavyohamia mitaa na kusukumana. Mimea ikatumika kuwaeleza watu.

Brokensha na Riley waligeuza mambo. Katika makala yao ndani ya mkusanyiko wa Indigenous Knowledge Systems and Development (1980), wanasema Wambeere wanaijua mimea yao, na ujuzi huo unafaa kuhesabiwa kwenye mipango ya maendeleo. Hapa watu ndio wanaieleza mimea. Kwangu mimi, niliyezoea kusikia kwetu kukiitwa "ukame" basi, hiyo si kitu kidogo. Niliposoma nilijiona nimenyooka mgongo.

Lakini nina shida na orodha. Jioni moja nilimuuliza cucu kuhusu mti wa mukau, nikitaka jina na matumizi kama kitabuni. Akaniuliza, "Mukau wa nani?"

Nikadhani hajanisikia. Kumbe alikuwa amenielewa kuniliko. Kwa mwenye mbuzi, mukau ni majani ya kiangazi. Kwa fundi, ni mbao ambayo mchwa haiwezi. Kwa mwenye kitalu, ni kokwa ngumu, na usipojua kuitoa mbegu utangoja sana. Halafu akanionyesha mmoja ng'ambo ya ua. Zamani angekata matawi yake bila kumwomba mtu. Ardhi ilipopimwa na hati kutolewa, mti ukapata mwenyewe, na leo lazima abishe hodi.

Kwa haki, waandishi hawakuusahau mgogoro huo. Mageuzi ya ardhi yamo katika juzuu la kwanza. Ila mimea wameiweka katika juzuu la pili. Anayefungua la pili peke yake atajua mti unafaa kwa nini, asijue nani anaruhusiwa kuugusa. Hapo ndipo somo lenyewe linapojikwaa: mti na ugomvi juu ya mti ni kitu kimoja, na kuvitenga ni kurudi kwenye botania.

Na juzuu zote mbili ziko kwa Kiingereza, ambacho cucu hasomi. Kwa hivyo nimeanza kumrekodi kwa simu, kwa Kimbeere, mti mmoja kila jioni. Jina la mti naliuliza mwisho.