Msamaha Ambao Haukuombwa

Filamu ya Waterloo Bridge ilitolewa mwaka 1940 chini ya uongozi wa Mervyn LeRoy. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Robert E. Sherwood wa mwaka 1930. Wengi huikumbuka kama hadithi ya mapenzi inayoliza. Mimi huiona kama hadithi ya mtu aliyeamini kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko upendo wa yule anayempenda. Hapo inatugusa sisi Wakristo, na hapo pia tunapaswa kuipinga.

Tuko London, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Myra, mcheza baleti, anakutana na Roy, ofisa wa jeshi, kwenye daraja la Waterloo wakati wa tahadhari ya mashambulizi ya ndege. Wanapendana, na mara wanakwenda kanisani kufunga ndoa. Kasisi anawaambia kwamba saa tisa alasiri imepita na sheria hairuhusu, waje kesho. Lakini Roy anaitwa vitani usiku huohuo. Myra anakwenda stesheni kumuaga, anakosa onyesho na kufukuzwa kazi. Baadaye anasoma jina la Roy gazetini kati ya waliokufa. Njaa na ugonjwa vinamwandama, na hatimaye anamfuata rafiki yake Kitty katika kuuza mwili.

Vivien Leigh, aliyeigiza kama Myra, anastahili sifa. Jioni moja yuko stesheni kati ya askari wanaorudi, akitembea na tabasamu la biashara. Ghafla anamwona Roy, mzima, maana alikuwa mateka. Tabasamu linakufa usoni, furaha na hofu vinaingia pamoja. Hakuna hubiri linaloweza kuonyesha vizuri zaidi jinsi aibu inavyoweza kugeuza habari njema kuwa tisho.

Roy anampeleka Uskoti, nyumbani kwao. Myra anapokewa kwa heshima, na kila neno la heshima linamchoma. Anamweleza mama yake Roy ukweli, naye anamhurumia. Lakini Myra hataki Roy ajue. Anatoroka, anarudi darajani, na hapo anakatisha maisha yake mbele ya magari ya jeshi.

Katika mchezo wa Sherwood, Myra alikuwa kahaba tayari alipokutana na Roy. Watengenezaji wa filamu ya 1940 walimfanya kwanza awe msichana safi, ili tumhurumie. Hata hivyo hawakumwacha aishi. Wakati huo Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, na kasisi wa Kikatoliki alishiriki kuziandika. Kanuni hizo zilijua kudai kwamba dhambi iadhibiwe. Hazikuwa na nafasi ya ondoleo. Sisi Walutheri tunaielewa hali hiyo. Sheria ikiachwa peke yake bila Injili humfikisha mtu kaburini.

Ubishi wangu mkubwa ni kwamba filamu inaufanya uamuzi wa Myra uonekane kuwa dhabihu ya upendo, kana kwamba amemwokoa Roy na fedheha. Lakini filamu yenyewe inashuhudia kinyume. Roy anaambiwa yote na Kitty, wala hamlaani Myra, anaendelea kumtafuta. Mwaka 1939, vita nyingine ikianza, yeye ni kanali mwenye mvi, amesimama darajani na kisanamu kidogo cha bahati alichopewa na Myra. Mtu huyu angesamehe. Hakupewa nafasi. Myra alijishtaki, akajihukumu na kutekeleza hukumu, kabla aliyekosewa hajafungua kinywa.

Mwana mpotevu wa Luka 15 naye alikuja na hukumu aliyojiandalia: awe kama mmoja wa watumishi. Baba hakumngoja amalize. Tofauti yake na Myra haiko katika uzito wa dhambi. Yeye alirudi nyumbani, akakubali kuonwa jinsi alivyo.

Tazameni pia kwamba kanisa linaonekana mara moja tu kama kimbilio la Myra, nalo linaangalia saa. Baada ya hapo, katika msiba, njaa na aibu, hakumbuki kuligonga tena. Je, katika sharika zetu wapo wanaoketi nyuma na kutoka kimya kabla ya Meza ya Bwana, kwa kuwa wanajua tutakavyowatazama?

Katekisimo Ndogo inafundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kukiri dhambi, na kupokea ondoleo kama linalotoka kwa Mungu mwenyewe. Myra alifanya nusu ya kwanza, tena kwa mama yake Roy peke yake. Ndugu msomaji, ikiwa nawe umebeba jambo ambalo umeamua halisameheki, usilibebe peke yako mpaka darajani. Nenda kwa mchungaji wako, au kwa Mkristo unayemwamini, useme. Kisha ukae usikie atakachokujibu kwa jina la Kristo.