Uwanja Usio na Mji

Fungua Wikipedia ya Kiingereza, utafute Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa. Kwa mambo ya ndege, makala iko sawa. Herufi za utambulisho zipo, MBA na HKMO. Urefu wa njia kuu ya kurukia upo, zaidi ya mita 3,000. Jedwali la mashirika na safari zake lipo. Lakini ukimaliza kusoma, je, umeujua uwanja wetu? Mimi nasema bado.

Chukua historia. Uwanja ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Haya, lakini mbona hapa? Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Waingereza wakahamishia manowari zao Kilindini. Bila sentensi hiyo, msomaji hajui vita vilifikaje Mombasa.

Halafu jina. Kabla ya Moi uliitwa Port Reitz, na mtaa bado unaitwa hivyo. Reitz alikuwa afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824, akafa mwaka huohuo. Kutoka afisa wa kigeni hadi rais aliyekuwa madarakani: hapo pana hadithi nzima ya nani hupewa mahali petu.

Kinachoniuma zaidi ni 28 Novemba 2002. Makombora mawili yaliilenga ndege ya Arkia ilipokuwa ikiondoka. Yaliikosa, ikafika Tel Aviv salama. Asubuhi hiyohiyo bomu lililipua hoteli ya Paradise, Kikambala, likaua watu 13, wengi wao Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni. Kwa makala ya uwanja, tukio ni ndege. Kwa mtu wa Pwani, huwezi kutaja moja ukaliacha jingine.

Utaniambia, "Si uhariri mwenyewe?" Ngoja. Wikipedia inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, na sheria hiyo naitetea. Bila hiyo tungejaziwa porojo. Historia niliyoitaja ina vyanzo, kwa hiyo hiyo inaweza kuongezwa hata leo usiku. Ngumu ni yale mengine. Dereva wa teksi anayeijua Changamwe gizani, familia inayomuaga binti anayeenda kufanya kazi Ghuba, wazee wanaokumbuka Port Reitz ya zamani: hao wote tunawajua, lakini kujua kwetu si chanzo mpaka mtu aandike na mwingine achapishe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa abiria anayeunganisha safari, makala inatosha. Kwa mtu wa Kizingo, ambaye akienda kule anavuka Makupa na mzigo wake na dua za mamake, haijafika nusu. Wanaolilinda jedwali la safari wamefanya kazi yao. Kazi iliyobaki ni ya waandishi, wanahistoria na magazeti ya hapa, na iko pia Wikipedia ya Kiswahili, ambayo haihitaji kungoja Kiingereza kitangulie. Wazee wa Port Reitz wahojiwe sasa, wangali wapo.