Urithi wa Damu, Urithi wa Karo: Msomi na Mrithi Wake katika Riwaya ya Kiswahili

Uhakiki wa Kichwamaji (1974) umeelemea mno upande wa falsafa. Tangu riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi itoke, Kazimoto amesomwa kama mtu aliyepotewa na maana ya maisha, na neno udhanaishi limerudiwa hata likawa kama kifuniko cha chungu: linaficha kinachopikwa ndani. Kinachopikwa ni suala la urithi. Riwaya inauliza mtoto wa kijijini aliyefika chuo kikuu atamwachia mwanawe nini, na jibu lake linatisha.

Mazingira ya swali hilo yanafahamika. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 warudi makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Machi 1967 ikatolewa sera ya Elimu ya Kujitegemea. Hofu ya wakati huo ilikuwa kwamba wasomi wangegeuka tabaka la kujitanguliza. Kezilahabi aliichukua hofu hiyo akaitia mwilini. Kazimoto anaomba nafasi mlangoni mwa ofisi ya Manase, aliyesoma naye, ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Manufaa ya shule yamekwisha kuwatenga. Manase anayaharibu maisha ya Rukia, dada yake Kazimoto, lakini Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase. Kisha mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na balaa hilohilo linaifikia nyumba ya Kazimoto, ambaye hatimaye anajiua. Anachorithisha msomi, basi, ni ugonjwa. Ukoo unakatika.

Usanii wa tukio hilo hauna shaka, ila utabiri wake haukutimia. Wasomi wa kizazi cha Manase walipata warithi, tena wenye afya njema na shule nzuri. Kosa la riwaya ni kudhani kwamba tabaka hupita kwa damu tu.

Udhaifu huu hujitokeza waziwazi riwaya ikisomwa kutoka mahali kama Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, jirani na Langas. Katika Uasin Gishu mashamba ya walowezi yaligawanywa na kununuliwa na wakulima wadogo, na kwa muda shamba ndilo lililokuwa urithi wa kutumainiwa. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwang'oa wengi Yamumbi, na uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukawa kambi yao. Baada ya hapo, mzazi kutafuta urithi usioweza kutiwa moto si jambo la kushangaza. Chuo Kikuu cha Moi kiko Kesses, katika kaunti hiyohiyo. Kilianzishwa mwaka 1984, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, kikaanza na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. Ujirani huo, hata hivyo, haumpi mtoto wa Yamumbi nafasi. Mtihani wa kidato cha nne ndio unaoamua, na matokeo ya mtihani yana asili yake katika shule ya msingi iliyolipiwa au isiyolipiwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Aliyekosa alama lakini ana fedha aliweza sasa kuingia. Hapo hapakuhitajika damu. Stakabadhi ya benki ilitosha.

Je, riwaya imeyaona hayo? Mfano ulio karibu zaidi ni Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, iliyosomwa kwa lazima na watahiniwa wa sekondari wa Kenya, wa Yamumbi wakiwemo. Jina la Mtemi Nasaba Bora linatangaza mada. Mwanawe, Madhubuti, amesomea Urusi, naye anakataa kazi inayopatikana kwa mkono wa babake. Ni hatua mbele: hatimaye kizazi cha pili kimepewa sauti. Lakini Walibora anakimbilia dhamiri. Mrithi anajivua urithi kwa hiari, na msomaji anaachwa aamini kwamba tatizo lilikuwa tabia ya baba. Vilevile watoto wa Mwalimu Majisifu, mwizi wa mswada, ni walemavu, na ni vigumu kutoiona hapo alama ileile ya Kichwamaji. Walemavu wamebebeshwa mzigo wa kuwa adhabu ya wazazi, jambo ambalo uhakiki umelivumilia kwa muda mrefu mno.

Lenye kutatiza zaidi ni la Amani. Anaingia Sokomoko kama mtu asiye na kitu, anachunga ng'ombe wa Mtemi, na kipaji chake cha uandishi kinaelekea kuwa hoja ya riwaya: kwamba akili haiulizi nasaba. Baadaye inafichuka kwamba yeye ni wa ukoo wa Chichiri Hamadi, mwenye ardhi iliyoporwa. Mchungaji kumbe ni mrithi. Riwaya inayomshambulia Nasaba Bora inamtunuku shujaa wake nasaba iliyo bora zaidi, na kipaji kilichoibwa kinapata fidia ya shamba. Mwanafunzi asiye na babu wa namna hiyo alifundishwa kitabu hiki darasani kama hadithi ya kujikwamua kwa bidii, ingawa ploti yenyewe haikuiamini bidii hiyo kikamilifu.

Mhusika anayekosekana si fisadi wala si mtakatifu. Ni binti wa mhadhiri au wa daktari, aliyefaulu bila kuiba mtihani, katika shule iliyolipiwa kwa mshahara halali, na ambaye hajawahi kuwa na sababu ya kuuliza kwa nini wenzake wa darasani walifanana naye. Kezilahabi alimuua kabla hajazaliwa. Walibora alimfanya atubu mapema. Bado hajaonyeshwa akiwa ameketi tu katika ofisi iliyokuwa ya Manase, mlango umefungwa, na nje kuna mtu anayesubiri kuitwa.