Heko Mafundi wa Zege

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo ilipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaua zaidi ya watu 40. Wengi waliangukiwa na kuta za udongo zilizolowa. Ndiyo maana nawapongeza mafundi wanaozungushia madarasa na zahanati zetu lenta ya zege, nondo zimefungwa ringi kwa waya, vyuma vimeachwa juu vishike kenchi ili upepo using'oe paa. Wapo wanaosema zege ni ghali. Ni kweli, lakini lenta ni sehemu ndogo ya gharama, na nyumba zikianguka, shule ndiyo kimbilio la kijiji. Fundi anayemwagilia zege siku 7 bila kusimamiwa anastahili heshima, na malipo kwa wakati.