Kyocera M2040dn yatua Feri: printa inayoelewana na kila simu!

Jamani, njooni mwone! Saiba moja hapa Feri ya Likoni, upande wa kisiwani, imeweka mezani Kyocera ECOSYS M2040dn, na tangu niiguse sina habari na kingine. Sokoni ina miaka yake, sawa, lakini kwa sisi tuliolelewa na vijiprinta vya USB hii ni enzi mpya. Kurasa 40 kwa dakika! Pande zote mbili za karatasi! Tona moja kamili, kama kurasa 7,200! Na hayo yote wekeni kando kwanza, maana utamu wenyewe uko nyuma, kwenye tundu la kebo ya mtandao.

Ichomeke kwenye rauta uone njia inazopokelea kazi. Kuna LPD, mlango 515, itifaki iliyoandikwa rasmi mwaka 1990. Kikongwe, lakini hata kompyuta kuukuu ya nyuma ya kaunta inaielewa. Kuna mlango 9100, ambao watu waliuzoea kupitia vifaa vya HP JetDirect: hauna salamu wala maswali, mimina data, karatasi itoke!

Halafu IPP, mlango 631. Hapa nilipiga kelele! Simu inauliza: una karatasi gani, unachapa pande mbili, kazi yangu imefika wapi? Printa inajibu. Juu ya IPP ndipo Apple ilipojenga AirPrint mwaka 2010, na Mopria, muungano ulioanzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, ukaleta raha hiyo kwenye Android. Sasa mfikirie abiria aliyeshuka matatu, anataka cheti chake cha PIN ya KRA kabla feri haijaondoka. Anaingia waifai ya duka, anabonyeza, karatasi hiyo! Hakuna draiva, hakuna kumrushia mhudumu faili kwa WhatsApp, na cheti chake hakibaki kwenye kompyuta ya watu.

Mwenye duka naye ana lake. SNMP inamwambia tona imebaki kiasi gani bila kuinuka kitini. Akiskani, faili inakwenda yenyewe kwenye folda kwa SMB, au kwa barua pepe kwa SMTP. IPv6? Imo!

Mapenzi yasitupofushe, lakini. Mashine hii haina waifai yake. Bila rauta, simu haioni kitu. Tena simu huitambua printa kwa tangazo la mDNS, na tangazo hilo halivuki kwenda mtandao mwingine: ukiwatenga wateja kwenye waifai yao peke yao, printa wataisikia kwa jirani tu. Na mlango 9100 usiufungulie intaneti hata kwa dawa! Mwishoni mwa 2018 kuna mdukuzi aliyepitia mlango huo huo, akajigamba kufikia printa 50,000 duniani, zote zikitapika matangazo ya kumpigia debe PewDiePie, nyota wa YouTube.

Uamuzi wangu? Kwa ofisi ya mtu mmoja na kompyuta moja, USB yatosha, hifadhi pesa zako. Kwa saiba inayopokea watu wa Likoni asubuhi hadi usiku, kila mmoja na simu ya aina yake, chukua bila kupepesa macho! Na dukani, kabla hujauliza kurasa ngapi kwa dakika, uliza inazungumza itifaki gani.